Nyumba ya Kupakiwa Mikokoteni Miwili

Katika mwaka 1212 mzee mmoja wa Kijapani, jina lake Kamo no Chōmei, aliandika kitabu kifupi juu ya nyumba yake. Nyumba yenyewe ilikuwa kibanda katika msitu wa mlima wa Hino, karibu na mji mkuu wa zama hizo, ambao leo huitwa Kyoto. Kitabu kilipewa jina la kibanda, Hōjōki, maana yake habari za chumba cha jō moja mraba. Jō ni kipimo cha kiasi cha futi kumi. Basi sakafu yote ilikuwa futi kumi kwa kumi, na kimo cha nyumba hakikutimia futi saba. Dungu la mkulima alindaye mpunga wake usiliwe na nguruwe halipungui sana ukubwa huo. Walakini kibanda hiki kilibuniwa kwa uangalifu kuliko majumba mengi ya wakuu, na uangalifu huo ndio uliomtia mjenzi wake katika shaka kubwa mwishoni mwa kitabu.

Chōmei alizaliwa karibu na mwaka 1155 katika ukoo wa makuhani wa hekalu la Kamo. Alikuwa mshairi na mpiga kinanda hodari, na katika mwaka 1201 mfalme aliyejiuzulu, Go-Toba, alimtia katika baraza lake la mashairi. Tamaa yake ilikuwa kupata ukuhani wa hekalu dogo la Kawai, lakini jamaa yake mmoja alipinga, akitaka cheo hicho kiwe cha mwanawe mwenyewe. Chōmei akaupa mji kisogo. Alipokuwa kiasi cha miaka hamsini alinyoa kichwa akawa mtawa wa Kibuddha, akakaa Ōhara miaka mitano, ndipo akahamia Hino. Wako wasemao kwamba alikimbilia msituni kwa hasira tu. Yamkini hasira ilikuwako. Lakini mtu hapimi ubao baada ya ubao kwa hasira, na sababu za umbo la kibanda chake ni za zamani kuliko ugomvi ule.

Maana alikuwa ameona mambo ya kutisha yakizipata nyumba za watu. Mwaka 1177 moto uliteketeza yapata theluthi ya mji mkuu. Mwaka 1180 kimbunga kilivunja mitaa mizima, na mwaka huohuo watawala wakaamuru mji mkuu uhamishiwe Fukuhara. Wenyeji walibomoa nyumba zao, wakafunga mbao kuwa vyelezo na kuzielekeza chini kwa mto Yodo. Kabla mwaka haujaisha amri ikatanguliwa, mji mkuu ukarudi ulikotoka. Miaka ya 1181 na 1182 ilikuwa ya njaa. Watu walivunja nyumba zao ili wauze kuni, na mzigo wa mtu mzima haukupata bei ya kumlisha siku moja. Katika kuni zile zilionekana mbao zenye rangi nyekundu na chembe za dhahabu: wenye njaa walikuwa wamevunja masanamu ya mahekalu. Mwaka 1185 likaja tetemeko la ardhi. Chōmei aliyaandika haya yote bila kulia sana, na msomaji asipoyakumbuka hatauelewa ujenzi wa kibanda.

Ujenzi wenyewe ulikuwa hivi. Hakununua kiwanja, wala hakuchimba msingi. Alilaza magogo ya kitako juu ya ardhi, akaezeka paa jepesi, na kila kiungo akakifunga kwa kulabu ya chuma. Mahali pasipompendeza, atafungua kulabu na kupakia nyumba nzima katika mikokoteni miwili, na gharama yake ni ujira wa wakokotaji basi. Kwa hiyo jambo lililowapata watu wa mjini kwa amri, yaani kufumua nyumba na kuisafirisha, yeye alilifanya kuwa hiari. Huo ndio ubunifu wake mkubwa. Alihesabu pia kwamba nyumba yake ya makamo ilikuwa sehemu ya kumi ya ile aliyorithi kwa bibi yake mzaa baba, na kibanda hiki hakikufikia hata sehemu ya mia ya ile ya makamo.

Ndani, kila upande ulikuwa na kazi yake. Mashariki aliongeza upenu wa futi tatu, mahali pa kuwashia kuni. Kusini palikuwa na ukumbi wa mianzi, na nje bomba la mwanzi likileta maji katika birika la mawe. Kaskazini, nyuma ya kiwambo, palikuwa na picha ya Buddha Amida. Kitanda kilikuwa majani ya kangaga. Pembeni palikuwa na rafu yenye makasha matatu ya ngozi nyeusi ya kutilia vitabu vya mashairi, muziki na dini, na kando yake vinanda viwili, koto na biwa iliyo mfano wa gambusi, vyote vya kukunjwa au kuunganishwa. Bonde lilisongwa na miti, ila magharibi palikuwa wazi. Hili halikuwa bahati tu ya mandhari. Wafuasi wa Amida huamini kwamba nchi yake takatifu iko machweoni. Kwa hiyo mtafakari aliyeketi humo alitazama njia ya roho yake.

Sheria za utawa hazikumbana sana. Alipochoka kusali alipumzika, akisema kwamba hapana wa kumzuia wala wa kumwonea haya. Rafiki yake alikuwa mtoto wa mlinzi wa mlima, mwenye miaka kumi, naye Chōmei ana sitini. Wakienda pamoja kuchuma matunda ya mwitu.

Lakini miaka mitano ilipita. Majani yaliyooza yalijaa juu ya paa, ukoga ukafunika magogo ya kitako, na zile kulabu hazikufunguliwa hata mara moja. Ndipo alipojiuliza, katika utulivu wa alfajiri, swali ambalo mjenzi mwingine angalilikwepa. Buddha alifundisha watu wasishikamane na kitu chochote. Je, kukipenda kibanda hiki si kosa? Alikumbuka kwamba chumba chake kiliiga kile cha mtakatifu Vimalakirti, naye mwenyewe hakufikia hata daraja la mwanafunzi mzito kuliko wote wa Buddha. Moyo haukumpa jibu. Alitaja jina la Amida mara mbili tatu kwa ulimi usio safi, akaweka kalamu chini.

Chōmei alikufa mwaka 1216. Katika zama zetu mafundi walijenga kibanda cha mfano kwa kufuata maelezo yake, wakakisimamisha katika uwanja wa Kawai, hekalu lile alilonyimwa.