Misali, Kisiwa Kilichoitwa Msala
Wazee wa Pemba husimulia kwamba Nabii Khidhri aliwaomba wavuvi msala. Hawakuwa nao. Akasema kisiwa chenyewe, kwa kuwa kimeelekea kibla, ndicho kitakuwa msala wake. Ndipo likaja jina Misali.

Mwaka 1998 Misali ilitangazwa hifadhi. Mwaka huohuo bahari yetu ilipata joto kali, matumbawe yakapauka. Sheria peke yake haikutosha, wakaingia masheikh, wakiwakumbusha wavuvi ukhalifa wa mwanadamu, mizani na ubaya wa israfu. Sishangai: nani atauchafua msala?

Nasi wa jikoni tumo, dada zangu. Bi harusi anayepanga karamu yake na amwambie muuza samaki mapema: wachanga hatuchukui, na nyama ya kasa haivuki kizingiti.