Perere Aliandikwa Washington

Ukisimama Shirimatunda asubuhi kabla mawingu hayajapanda, mlima Kilimanjaro unauona wote: Kibo huku, Mawenzi kule, na chini yake mkanda mweusi wa msitu. Macho ya wageni hukimbilia theluji. Mimi siku hizi hutazama ule mkanda mweusi, maana ndani yake anaishi mnyama ambaye watu wengi wa Uchaggani wamemsikia na wachache wamemwona. Jina lake la kitaalamu alipewa Washington.

Ni perere. Ana ukubwa wa sungura aliyeshiba, hana mkia, na manyoya yake ni ya kahawia. Wataalamu wanasema ndugu yake wa karibu ni tembo. Jaribu kumweleza mtu hilo kijiweni, atakuuliza umekunywa nini. Mchana hulala ndani ya mashimo ya miti mikubwa. Usiku hulia, na kilio chake huanza kama mlango wenye bawaba kavu, kikwaruze, kipande, kikwaruze tena, hadi kiishie kwa ukelele ambao mgeni aliyelala kambini kwa mara ya kwanza hudhani kuna mtu ananyongwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika pande hizi Mmarekani aitwaye William Louis Abbott. Alikuwa daktari wa Philadelphia, akarithi mali, akaachana na wagonjwa na kuanza kuzunguka dunia akikusanya wanyama. Alichokusanya Kilimanjaro alikipeleka Makumbusho ya Taifa ya Marekani, na mwaka 1890 mtaalamu wa huko, Frederick True, akatangaza wanyama wawili ambao sayansi ilikuwa haiwajui. Mmoja ni perere wetu. Wa pili ni minde, mnyama wa jamii ya funo, mweusi-mweusi, mwenye shungi jekundu kichwani, ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote ila Tanzania. Kwa Kiingereza minde huitwa kwa jina la Abbott hadi leo. Na ni mwenye haya kweli: picha yake ya kwanza porini ilipigwa mwaka 2003, miaka 113 baada ya kuandikishwa.

Baada ya Mmarekani akaja Msweden. Yngve Sjöstedt, mtaalamu wa wadudu, alikaa huku mwaka 1905 na 1906, kituo chake kikubwa kikiwa Kibonoto, upande wa magharibi wa mlima. Alirudi na shehena ya mende, panzi, buibui, ndege na nyoka, na matokeo yakachapishwa Stockholm, kwa Kijerumani, majuzuu matatu makubwa. Kibonoto hiyo ni Kibong'oto ya leo, na Watanzania wengi wanaijua kwa hospitali yake ya kifua kikuu. Wanaosoma wadudu, wawe Tokyo au Paris, wanaijua kwa sababu nyingine kabisa: jina la mahali hapo limo ndani ya majina ya Kilatini ya wadudu kadhaa.

Siwalaumu wakusanyaji hao. Bila wao tusingejua msitu ulikuwa na nini kabla ya kahawa kuenea na misumeno kupanda juu. Lakini angalia mwendo wenyewe: mnyama anatoka hapa, jina linatoka kule, kitabu kinabaki kule. Mtoto wa Kibosho aliyetaka kumjua perere kwa njia ya maandishi alihitaji kwanza ajue Kijerumani au apande meli.

Hadithi inayojulikana zaidi ni ya Serengeti, nayo nitaipitia haraka kwa kuwa imekwisha kusimuliwa sana. Bernhard Grzimek wa Frankfurt na mwanawe Michael walihesabu wanyama kutoka angani kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda milia. Januari 1959 ndege ikagongana na tai, ikaanguka, na Michael akafa akiwa na miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu yao ilipata tuzo ya Oscar, na dunia ikaanza kuchangia. Hata hivyo, waliokuwa wakihesabu bado walikuwa wageni.

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, ulifanyika mkutano mkubwa wa uhifadhi mjini Arusha. Hapo likasomwa tamko la Julius Nyerere kuhusu wanyamapori. Msomaji asilichanganye na Azimio la Arusha la 1967. Hili ni la mapema zaidi, tena ni fupi kiasi cha kusomwa ukisubiri chai ipoe. Linakubali kwamba wanyama ni dhamana ya Watanganyika wenyewe, kisha linaomba dunia isaidie kwa vitu vitatu: utaalamu, watu waliofunzwa, na fedha. Inasimuliwa kwamba Mwalimu binafsi hakuwa mtu wa kwenda likizo kutazama mamba. Labda ndiyo maana ombi lake halikuwa na mapambo.

Katika hayo matatu, la watu waliofunzwa ndilo lililojibiwa juu ya mlima huu. Mwaka 1963 kilifunguliwa Mweka, kilomita kama 14 juu ya Moshi, Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, Hugh Lamprey, aliyekuwa amechunguza Tarangire namna wanyama wa aina nyingi wanavyogawana malisho bila kugombana. Miongoni mwa waliosaidia chuo kuanza ni taasisi ya Wamarekani iliyoundwa mwaka 1961 na jaji wa mahakama ya kodi, Russell Train, ambayo leo tunaijua kwa kifupi kama AWF. Ofisi yake ilikuwa wapi? Washington. Safari hii mzigo ulikuwa unakuja, hauendi.

Ukimtajia mtu Mweka leo, mpagazi atafikiria geti ambako magoti yanapumzika baada ya kushuka kutoka kambi ya Barafu. Dereva wa daladala atafikiria kilima na breki. Lakini katika hifadhi za Zambia, Uganda, Botswana au Kenya, Mweka ni shule. Chuo kimefundisha askari na wahifadhi kutoka nchi zaidi ya 20 za Afrika. Masomo yake tangu mwanzo yalikuwa ya mikono na miguu: kusoma nyayo, kutumia bunduki, kuchuna na kuhifadhi ngozi, kutambua mti kwa jani, kutembea siku nzima kwa mstari ulionyooka ukihesabu kila mnyama kushoto na kulia. Mazoezi mengi hufanyika Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara, ambako chuo kina kambi yake.

Kuhesabu si jambo dogo. Mwaka 1975 ile taasisi ya Wamarekani ilichapisha Nairobi kitabu cha Michael Norton-Griffiths cha kufundisha jambo hilo hilo: ndege iruke kimo gani, mhesabuji atazame ukanda wa upana gani, na makosa ya macho yapimweje. Mafunzo ya aina hiyo yaliigeuza kazi ya Grzimek kuwa ufundi ambao mtu yeyote makini angeweza kuushika. Mwaka 1980 sheria ikaunda taasisi ya taifa ya utafiti wa wanyamapori, TAWIRI ya leo yenye makao Arusha, na sensa za wanyamapori nchini sasa ni kazi yake. Mgeni anayetaka kuchunguza mnyama wa Tanzania siku hizi hapandi tu mlimani na sanduku la chupa kama Sjöstedt. Kibali chake kinapitia TAWIRI na COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia.

Na perere? Mwaka 1976, katika jarida la wanyamapori la Afrika Mashariki, ilitoka makala fupi kuhusu mahali perere wanakopatikana Kilimanjaro. Mwandishi ni J. N. Kundaeli, jina lenye sauti ya huku kwetu. Makala yenyewe ni kurasa chache tu, wala haina ndege yenye milia. Kwangu mimi inazidi majuzuu mengi, kwa sababu ilikuwa imepita miaka 86 tangu perere apewe jina kwa ngozi iliyovuka bahari.

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi ililinda zaidi sehemu ya juu, ya mawe na barafu. Msitu ulikuwa chini ya utaratibu mwingine, na ukingoni mwake kulikuwa na ile nusu maili tuliyoachiwa wananchi kwa kuni na majani ya ng'ombe. Mwaka 2001 uchunguzi wa angani ulikuta zaidi ya miti 2,000 ya kafuri imekatwa siku za karibuni. Miti hiyo ndiyo hukua minene, na mti mnene uliozeeka ndio hupata shimo la kulala perere. Mwaka 2005 msitu ukaingizwa ndani ya hifadhi, na ugomvi wa nusu maili haujaisha vijijini, hasa kwa akina mama waliozoea kukata majani huko. Nao wana hoja.

Ndege haimsaidii mtu kumhesabu perere, kwa kuwa ukiwa juu huoni kitu ila majani. Wanaomchunguza hutafuta kwanza choo chake, maana hurudia kujisaidia mahali pamoja chini ya mti, punje zikarundikana. Kisha usiku husimama gizani na saa na daftari, taa imezimwa, wakiandika kila kilio kimetoka upande gani na dakika ipi. Perere mmoja akianza, wa bonde la pili hujibu, halafu wa tatu. Anayehesabu hana budi kujua kama huyu wa tatu ni mgeni au ni yule wa kwanza amehama mti.