Goti bandia na kifaa cha kipimo: tuelewe kabla ya kuuza shamba

Sisi wa Birere tunaishi kwa miguu: kubeba mizigo, kusukuma chukudu, kusimama sokoni tangu asubuhi. Wazazi wengi kanisani hawawezi tena kupiga magoti, kwa maana gegedu ya goti imelika na mifupa inasagana. Wengine wamesikia habari za "goti linalotengenezwa kwa kipimo chako", na jamaa wanafikiri kuuza shamba.

Ni kitu gani?

Katika upasuaji huu daktari anakata ncha zilizoharibika za mfupa wa paja na wa muundi, kisha anaweka vipande vya chuma na plastiki. Kwa kawaida, ili msumeno usipotee, anaingiza fimbo ya chuma ndani ya mfupa wa paja. Kifaa cha kipimo ni njia nyingine. Mgonjwa anapigwa picha za skana za nyonga, goti na kifundo cha mguu. Kompyuta inachora mifupa yake, halafu kinatengenezwa kifaa cha plastiki kinachokaa juu ya mifupa hiyo tu na kuonyesha mahali pa kukata. Hakibaki mwilini. Mara nyingi goti linalowekwa ni lile lile la kawaida.

Kinasaidia nani?

Hasa mtu ambaye paja lake lilivunjika zamani likaungana likiwa limepinda, au lina chuma ndani, hata fimbo haipiti. Kwa wagonjwa wengine, uchunguzi mwingi haukuonyesha kwamba wanatembea vizuri zaidi. Mkono uliozoea, chumba safi na mazoezi baada ya upasuaji vinabaki kuwa vya kwanza.

Tufanye nini?

Tuanze na daktari wa mifupa. Goma tunayo hospitali ya HEAL Africa, iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Jo Lusi na mke wake Lyn, ikajengwa upya baada ya lava ya mwaka 2002. Tuulize: je, mfupa wangu unahitaji kifaa hiki? Nisipokipata, nitapoteza nini? Kabla ya kisu, tuimarishe misuli ya paja, tupunguze uzito, tushike fimbo kwa mkono ulio upande wa goti zima.

Na mashemasi wawape viti wasioweza kupiga magoti. Bwana anasikia maombi ya aliyeketi pia.