Kamati Iliyopita Miji Minne

Mtu wa Mombasa akikwambia anaumwa na mato, ni macho yake hayo. Akisema mtoto anateka, basi mtoto amefurahi, anacheka. Hakuna kisima hapo wala vita. Tungwa lake ni chungwa. Maneno hayo yanaeleweka Unguja na Tanga bila mkalimani, lakini mwaka 1928, katika mji huohuo wa Mombasa, wakubwa wa serikali za kikoloni na wa misheni walikutana kuamua Kiswahili cha nani kiandikwe vitabuni. Profesa Carl Meinhof, bingwa wa lugha za Kibantu kutoka Ujerumani, alialikwa. Wamisionari wa UMCA walikuwa wamezoea Kiunguja tangu siku za Askofu Steere, na wamisionari wa CMS wa Mombasa walikitetea Kimvita, lahaja ya mji wao. Kiunguja kikashinda. Kilikuwa kimekwisha kusafiri na misafara ya biashara hadi Kongo, na Wajerumani walikitumia ofisini kote Tanganyika. Kimvita, lugha ya mshairi Muyaka, kikabaki mlangoni.

Tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa kamati ya kuusimamia uamuzi huo, kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kwa Kiswahili cha leo tungeiita Kamati ya Lugha ya Makoloni ya Afrika Mashariki. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TATAKI, inahesabu umri wake kuanzia siku hiyo. Mwaka 2030 itatimiza miaka 100, na nadhani ni vema historia yake ianze kusimuliwa mapema, tena isimuliwe pamoja na yale yaliyoachwa nje ya mlango.

Katibu wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, na makao yalikuwa Dar es Salaam. Kazi ilikuwa ya shule: tahajia iwe moja, neno liandikwe kwa namna moja kutoka Songea hadi Kisumu, na mswada wa kitabu cha kiada usomwe na kamati kabla ya kuchapwa, upewe ithibati au urudishwe. Mwaka 1935 ikatoka kamusi ya Johnson ya Kiswahili kwa Kiswahili. Mwaka 1939 zikatoka kamusi mbili kubwa, Kiswahili-Kiingereza na Kiingereza-Kiswahili, zilizojengwa juu ya kazi ya Madan wa Unguja. Johnson hakuwahi kuziona. Alikuwa amekwisha kufariki.

Katika miaka hiyo ya mwanzo wenye lugha hawakuwa na kiti mezani. Waliulizwa, wakanukuliwa, lakini uamuzi haukuwa wao. Hilo siwezi kulipita kimyakimya. Hata hivyo nakiri kwamba tahajia ile ndiyo ninayoandikia sasa hivi, na ndiyo iliyomwezesha mtoto wa Mwanza kusoma barua ya binamu yake wa Pemba. Kazi njema ilifanywa katika chumba kisicho na wenyewe.

Mwaka 1942 kamati ikahamia Nairobi. Miaka 10 baadaye ikahamia Makerere, Kampala, na hapo ndipo hadithi inapogeuka.

Ni ajabu kwamba Kampala, mji ulio mbali na bahari kuliko miji yote minne, ndipo kamati ilipoanza kuigeukia pwani kwa masikio badala ya kalamu nyekundu. Kwa kiasi kikubwa ilitokana na Wilfred Whiteley, mwanaisimu kijana aliyeiongoza miaka ya 1950. Kamati iliyozaliwa ili lahaja moja izipite nyingine ikaanza kuzifuata zile zilizopitwa, moja baada ya nyingine. Whiteley mwenyewe aliandika kitabu juu ya Kimtang'ata, lahaja ya kusini mwa Tanga, kikatoka 1956. Kisha akavuka kwenda Pemba. H. E. Lambert akachukua pwani ya Kenya: Kivumba, Chijomvu, Kingare, Chichifundi. Ni vijitabu vyembamba, na leo huonekana kwa nadra. Lakini vina maneno ya wavuvi na wakulima, na hadithi zao kama walivyozisimulia, bila mtu kuwasahihisha.

Jarida la kamati nalo likapanuka. Lilikuwa limeanza kama taarifa za maneno na tahajia. Mwaka 1957 likatoa nyongeza yenye utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mshairi wa Lindi. Mara baada ya hapo likatoa maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Nakuomba uyasome haya mawili kwa kufuatana, kama bado hujayasoma. Upande mmoja ni mshairi akieleza vita vya watu wa kusini na Wajerumani. Wa pili ni mfanyabiashara wa pembe na watumwa akihesabu safari zake bila kutikisika sauti. Wote wanaandika Kiswahili kizuri ajabu, na hakuna hata mmoja aliyehitaji ithibati. Hapo Kiswahili hakikuwa tena somo la shule tu. Kilikuwa chanzo cha historia, na mtafiti wa siasa, dini au biashara alipaswa kuja kukiomba.

Miaka hiyohiyo Shaaban Robert alikuwa mjumbe wa kamati. Alifariki 1962, mwaka ambao kamati ilikuwa ikihamia Mombasa. Haikukaa. Mwaka 1964 ilikwisha kufika Dar es Salaam na kuwa sehemu ya Chuo Kikuu kichanga, ambacho nacho mwaka huohuo kilikuwa kikihama kutoka jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba kwenda kilimani, Mlimani kama tunavyopaita. Ikapewa jina la Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI.

Moja ya kazi za kwanza ilikuwa kukusanya miswada. J. W. T. Allen alizunguka pwani kutafuta tenzi, barua na nyaraka zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilizokuwa zimefungwa vitambaani na kuwekwa masandukuni kwa vizazi. Orodha yake ilichapishwa 1970, na mkusanyo wenyewe uko katika maktaba ya Mlimani.

Kazi ya kuisoma miswada hiyo si ndogo. Katika mingi ya zamani, herufi ba hubeba sauti tatu: b, p na mb. Alama za irabu ni tatu tu, kwa hiyo e na i huandikwa sawa, na o na u vilevile. Kwa mwandiko huo pata, bata na mbata ni kitu kimoja karatasini. Msomaji anayekutana na neno hilo katikati ya ubeti hana kamusi ya kumwokoa. Atahesabu mizani, kwa kawaida nane katika kila kipande. Atatazama kina cha vipande vitatu vya mwanzo, na kile cha nne kinachofunga. Ataukumbuka utenzi kama alivyousikia kwa bibi yake. Ndiyo maana mhariri wa utenzi hawezi kufanya kazi peke yake. Anamhitaji mtu wa Siyu, wa Pate, wa Amu, aliyekaa karibu na jamvi. Mwaka 1999 Profesa Mugyabuso Mulokozi alipohariri *Tenzi Tatu za Kale*, yaani wa Fumo Liyongo, Al-Inkishafi na wa Mwanakupona, TUKI ikazichapa kwa herufi za shule, na mwanafunzi wa Bukoba akazisoma kama wa Lamu.

Mwaka 1970 chuo kikaanzisha Idara ya Kiswahili jirani na taasisi. Farouk Topan alikuwa amekwisha kufundisha fasihi ya Kiswahili hapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Euphrase Kezilahabi, aliyetoa *Rosa Mistika* mwaka 1971, baadaye akawa mwalimu wa idara hiyo. Ilikuwa idara iliyofundisha Kiswahili kwa Kiswahili, na mwalimu wa kesho asubuhi alihitaji maneno usiku huu. Isimu, fonimu, mofimu, kiima, kiarifu, fasihi simulizi: leo mwanafunzi wa kidato cha tatu anayatamka bila kufikiri, lakini kila moja lilibishaniwa na watu.

Halafu *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*, 1981. Toleo hilo la kwanza lina takriban vidahizo 20,000, na kila kimoja kilianza kikiwa maneno juu ya kadi. Mtu alisoma riwaya, gazeti au utenzi, akaona neno, akaliandika pamoja na sentensi yake. Kadi zikapangwa kialfabeti, kisha watu wakakaa kujadili: hili ni nomino ya ngeli gani, kitenzi hiki ni elekezi au si elekezi, maana ya kwanza ni ipi. Mwanafunzi anapoona "nm" pembeni ya neno, na mabano yenye [ki-/vi-], anaona mwisho wa mjadala wa saa nzima. Safari hii waliojadili walikuwa wenyewe.

Mwaka 1990 ikatoka *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia*. Hapa moyo wangu huwa mzito. Tume ya elimu ya Makweta ilikuwa imependekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Serikali haikukubali. Watu wa TUKI wakaendelea kutafuta maneno ya sayansi kana kwamba darasa lingefunguliwa wiki ijayo. Maneno yakawa tayari. Darasa halikufunguliwa, na mpaka leo mtoto wa kidato cha kwanza hukutana na fizikia kwa lugha ambayo bado anajifunza salamu zake.

Mwaka 2009 taasisi na idara ziliunganishwa zikawa TATAKI. Toleo la tatu la kamusi likatoka 2013. Mwaka 2021 UNESCO ikatangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Tasnifu za uzamivu siku hizi zinaandikwa kwa Kiswahili pale Mlimani: juu ya taarabu, lugha ya redioni, majina ya watu, nyimbo za jando. Mtahiniwa anasimama mbele ya jopo na kulitetea dai lake. Anaulizwa kwa Kiswahili na anajibu kwa Kiswahili. Akikwama, anatafuta neno, anasita, kisha anasema lile alilolisikia kwao kijijini, na mtahini mmoja anachukua kalamu na kuliandika.