Hiyo stori ya Juliane huwa mnaianzia mahali pabaya

Kila baada ya muda stori ya Juliane Koepcke inarudi mitandaoni, na ni ile ile: ndege inapasuka hewani, msichana wa miaka 17 anaanguka karibu kilomita 3 akiwa amefungwa kwenye kiti, anaamka hai katika msitu wa Amazon, Peru. "Muujiza!" Watu wanashea, wanasonga.

Mimi naianzia 1968. Mwaka huo wazazi wake, wanasayansi Wajerumani waliokuwa wakiishi Lima, walihamia msituni na kuanzisha kituo cha utafiti, Panguana. Juliane alikuwa na miaka 14, mtoto wa pekee. Hebu fikiria uko form one, halafu mzazi anakwambia mnahamia porini. Stima hakuna, na marafiki wote wanabaki jijini. Hakufurahia mwanzoni, na nani angefurahia? Alikaa huko karibu mwaka mmoja na nusu, hadi wakubwa wa elimu wakataka arudi Lima afanye mitihani.

Babake alikuwa amemfunza kitu kimoja: ukipotea, tafuta maji uyafuate, yatakufikisha kwa watu. Mamake, Maria, alikuwa mtaalamu wa ndege, namaanisha wale wa manyoya.

Desemba 1971 mamake alitaka wasafiri mapema. Juliane akaomba wangoje sherehe ya kumaliza shule. Ndio maana wakajikuta ndani ya LANSA 508 tarehe 24, siku radi ilipoipiga. Ndani kulikuwa na watu 92.

Alitembea siku 11. Mfupa wa bega umevunjika, miwani imepotea, kiatu ni kimoja, chakula ni peremende tu. Aliona kijito akakifuata. Njiani akakuta viti vimejikita ardhini na miili bado imefungwa. Mmoja ulikuwa wa mwanamke. Akaangalia kucha za miguu: zina rangi. Mamake hakuwahi kupaka kucha rangi, so akaendelea kutembea.

Baadaye akasikia mlio wa ndege aliyemjua kupitia kwa mamake, ndege anayejenga kiota karibu na maji yaliyo wazi. Akaufuata, akafika mto mkubwa. Huko mwishowe akapata mashua na kibanda. Kidonda cha mkono kilikuwa kimejaa funza, akakimwagia petroli ya mashua, kwa sababu babake aliwahi kumtibu mbwa wao karibu hivyo. Wanaume waliokuwa wakifanya kazi msituni wakampata hapo.

Sasa hii ndiyo sehemu hamshei. Inaaminika abiria wengine, pengine hata 14, pia walinusurika kuanguka. Walifia msituni wakingoja kuokolewa. Mamake anaaminika alikuwa mmoja wao: aliishi siku kadhaa, lakini hakuweza kusonga.

Juliane alienda Ujerumani akasomea biolojia. Halafu akarudi Panguana, msitu ule ule, kuchunguza popo. Babake alipofariki mwaka wa 2000, akachukua usimamizi wa kituo.