Uzi Kwenye Norton

Vijana wakikaa kijiweni kubishana juu ya pikipiki za zamani, sifa zote huenda kwa injini. Fremu haina mshabiki. Mimi nasema tumedanganywa na makelele.

Chukua Norton ya Uingereza. Kufikia mwaka 1950 injini yake ya mashindano ilikuwa bado ya silinda moja, kikongwe, wakati Gilera wa Italia tayari walikuwa na silinda nne. Kilichoiokoa ni fremu ya Rex McCandless, fundi wa Ireland ya Kaskazini aliyejifundisha kazi mwenyewe. Alichomelea mabomba yakaizunguka injini, na gurudumu la nyuma akalikalisha kwenye mkono unaocheza juu na chini kwa springi. Mwanambio Harold Daniell aliipanda, akasema ni kama kulalia godoro la manyoya. Ndipo fremu ikaitwa Featherbed. Mwezi Juni mwaka huo Geoff Duke akashinda nayo mbio kubwa za Isle of Man kwa wastani wa kilomita 148 kwa saa, kwenye barabara za kawaida zenye kuta za mawe kandokando. Nafasi tatu za kwanza zote Norton. Si mchezo!

Lakini fremu hiyo haikusaidii kitu kama gurudumu la nyuma linatazama kwingine. Pikipiki itavuta upande, mnyororo utakula meno ya sproketi, na kwenye kona ya kasi roho yako iko rehani. Kila ukikaza mnyororo unasogeza ekseli kwa skrubu mbili, kulia na kushoto, na ni rahisi moja kuitangulia nyingine. Eti kuna alama za kiwandani? Chombo cha miaka 50 kimeshaanguka mara ngapi?

Basi fanya kama mwashi, tumia uzi. Kwanza zungusha magurudumu uone kama rimu hazijapinda. Simamisha pikipiki wima, usukani umenyooka. Funga uzi nyuma ya tairi la nyuma, leta ncha zote mbili mbele, chini chini, ziguse kingo za tairi hilo bila kulisukuma. Tairi la mbele ni jembamba, kwa hiyo patabaki upenyo kila upande. Upenyo ulingane. Wa kushoto ukizidi, gurudumu la nyuma linatazama kushoto: rudisha nyuma kidogo ncha ya kulia ya ekseli. Kaza nati, kisha pima tena, maana kukaza kwenyewe husogeza.

Na ukiwa na Commando, ile iliyotoka mwaka 1967, uzi peke yake hautoshi. Humo injini, gia na mkono wa nyuma vimeshikwa pamoja kwenye raba. Nafasi iliyoachwa pembeni mwa raba ni kama robo milimita. Ikizidi sana, gurudumu litayumba barabarani hata kama gereji uliliacha limenyooka.