Nyumba Iliyowekwa Rehani: Juu ya Deni la Biashara katika Kamina

Rehani ni mali ambayo mdeni anaitoa isimame kama shahidi wa neno lake. Asipolipa, mali inalipa badala yake. Basi mtu asiyekuwa na mali yenye jina lake hawezi kuweka rehani. Ndiyo sababu historia ya deni katika nchi yetu ni kwanza historia ya ardhi.

Mji wa Kamina ulizaliwa na reli. Njia ya kutoka Élisabethville ilifika Bukama mwaka 1918. Mwaka 1928 iliunganishwa na Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, kwa kupitia Kamina. Na mwaka 1956 njia ya Kabalo ikamalizika. Penye njia panda pana biashara. Na mwenye biashara ya reli anataka feza upesi: ananunua mahindi leo, anayauza mbali baada ya majuma kadhaa.

Lakini ni nani angemkopesha? Tangu 1885 Dola Huru la Kongo lilisema kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya serikali. Mzungu alipata cheti cha uandikisho. Mwafrika wa cité alikuwa na ruhusa ya kukaa tu. Alijenga nyumba kwa matofali yake, lakini mbele ya benki alikuwa kama mtu asiye na kitu. Dekreti ya tarehe 10 Februari 1953 ndiyo iliyowaruhusu Wakongo kuwa wenye ardhi, kila mtu kwa jina lake. Miaka saba tu ilibaki mpaka uhuru.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikageuza mambo tena: udongo wote ni wa Serikali; raia anapewa haki ya kuutumia, na majengo yanaweza kuwa yake. Rehani ya nyumba inaandikwa juu ya cheti cha uandikisho. Walio wengi hawana cheti hicho. Wana karatasi ya kiwanja au ya mauzo tu. Hao wanakwenda kwa mkopeshaji wa siri, ambaye watu wanamwita kwa mzaha « Banque Lambert ». Si benki hata kidogo. Pengine anayekopa 100 anadaiwa 150 mwezi ukiisha, na karatasi ya nyumba inalala sandukuni mwa mwingine.

Kanisa linaifahamu taabu hiyo tangu zamani. Torati inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ni kuchukua uzima wa mtu. Nehemia aliwakemea wakubwa waliokuwa wameshika mashamba na nyumba za ndugu zao. Mwaka 1462, katika Perugia, Wafransisko walisaidia kuanzisha nyumba ya mikopo kwa maskini. Baadaye wenye elimu walibishana: je, kuomba faida ndogo kwa gharama za kazi ni riba? Mtaguso wa Laterano ya Tano, mwaka 1515, ulijibu kwamba si riba. Na tuangalie desturi moja ya nyumba hizo: rehani ikiuzwa kwa bei kupita deni, ziada ilirudishwa kwa mwenyewe.

Hapo ndipo haki inapoachana na udhalimu. Benedikto XIV, mwaka 1745, alikataza faida inayodaiwa kwa sababu ya mkopo wenyewe tu. Hakukataza kila mapatano. Lakini anayechukua nyumba nzima kwa deni dogo, asirudishe ziada, amenyang'anya, hata kama karatasi ina sahihi.

Wakatekista wanaitwa mara nyingi kuwa mashahidi wa karatasi hizo. Kabla ya kutia mkono, waulize mambo matatu. Deni lote litakuwa kiasi gani siku ya mwisho? Nyumba ikiuzwa, ziada ni ya nani? Na mke anayelala ndani ya nyumba ile, je, amekwisha kuambiwa? Jibu lisipopatikana, kalamu ibaki mfukoni.